Wimbledon 2025 kwa wanawake: je, orodha ya ubora ina uzito wowote kwenye nyasi?

MzeeWaRaketi (28 Juni 2025, saa 4:10 usiku)

Wanajamvi, salaam. Mashindano ya Wimbledon yanaanza Jumatatu, na ningependa tuwapime wanawake wenye nafasi ya kulitwaa taji kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Dai langu ni kwamba orodha ya ubora duniani haina msaada mkubwa pindi wachezaji wanapokanyaga nyasi. Muguruza alishinda 2017 akiwa amepangwa wa 14 (yaani namba anayopewa mchezaji na waandaaji kabla ya mashindano), Kerber 2018 akiwa wa 11, Halep 2019 akiwa wa 7, Rybakina 2022 akiwa wa 17, Vondrousova 2023 akiwa hakupangwa kabisa, na mwaka jana Krejcikova akiwa wa 31. Tangu Serena Williams alipotetea taji lake 2016, hakuna namba moja wa dunia aliyeinua sahani ile ya bingwa, wala mwanamke aliyeshinda mara mbili.

Kwa hiyo anayemtaja Aryna Sabalenka kwa sababu tu ni namba moja, naomba anieleze ni kitu gani katika mchezo wake kinachofaa nyasi. Mimi namtazama Marketa Vondrousova. Amerudi baada ya kupasuliwa bega, akaingia mashindano ya nyasi ya Berlin akiwa namba 164 duniani, akamtoa Sabalenka katika nusu fainali kwa 6-2, 6-4, kisha akachukua kombe.

Binti_Kisauni (saa 4:32 usiku)

Mzee wangu, shikamoo. Umeruka mwaka 2021, na mwaka huo ndio unaobomoa nusu ya dai lako. Ashleigh Barty alikuwa namba moja wa dunia na ndiye aliyepangwa wa kwanza, na alimshinda Karolina Pliskova katika fainali ya seti tatu. Mwaka 2020 mashindano hayakuchezwa. Tuna mabingwa saba katika mashindano saba tangu 2017, na mmoja wao alikuwa namba moja.

Kuhusu Sabalenka, mkumbuke kwamba hatuna ushahidi wa kutosha juu yake. Mwaka 2022 wachezaji wa Urusi na Belarusi walizuiwa kucheza, na 2024 alijiondoa kwa jeraha la bega. Mara mbili za karibuni alizocheza, 2021 na 2023, alifika nusu fainali. Ile ya 2023 dhidi ya Ons Jabeur alikuwa ameshachukua seti ya kwanza na anaongoza 4-2 katika ya pili. Mtu wa namna hiyo hatuwezi kusema nyasi zimemkataa.

MwalimuWaHesabu (saa 4:51 usiku)

Mashindano saba ni machache mno kuthibitisha jambo lolote kuhusu nyasi. Wanawake hucheza seti tatu tu, kwa hiyo siku moja mbaya humtoa yeyote, na baada ya Serena hakuna aliyetawala. Nadhani mkitazama mataji mengine makubwa mtakuta hali hiyo hiyo ya kila mwaka bingwa mpya.

Binti_Kisauni (saa 5:03 usiku)

Mwalimu, hapo hapana. Iga Swiatek ameshinda Paris (French Open, ya udongo) 2020, 2022, 2023 na 2024. Sabalenka alishinda Australia 2023 akarudia 2024. Naomi Osaka ana mataji mawili ya Australia na mawili ya New York. Seti ni tatu huko pia. Ni Wimbledon peke yake ambako katika miaka hii hakuna aliyerudi kuchukua tena, na hilo ndilo linalotaka maelezo.

Msafiri_Coventry (29 Juni 2025, saa 2:15 asubuhi)

Habari za asubuhi. Nimeishi huku Uingereza miaka kumi na minne, na kila kiangazi huwa nacheza katika klabu ndogo ya mtaani yenye viwanja vinne vya nyasi, kwa hiyo nitasema kile ambacho miguu yangu inakijua.

Watu husema nyasi ni uwanja wa kasi, na wanaishia hapo. Kinachomsumbua mchezaji ni jinsi mpira unavyodunda. Ukigusa nyasi, mpira unateleza badala ya kupanda, unakufikia usawa wa goti au chini yake, na unakukuta bado hujajipanga. Nilipokuja kutoka Tanga nilikuwa nimezoea saruji, ambako mpira unakuja kifuani na mkono una nafasi ya kuzunguka. Wiki zangu mbili za kwanza huku niliuma meno kwa maumivu ya mapaja, kwa sababu mchezo mzima unachezwa ukiwa umechuchumaa nusu. Anayesimama wima anapiga kila mpira kwenye wavu.

Jambo la pili ni kwamba uwanja unabadilika ndani ya mashindano yale yale. Wimbledon nyasi hukatwa kwa urefu wa milimita 8. Siku za mwanzo zikiwa bado kijani zina unyevu na zinateleza, na wachezaji wakubwa huanguka kama watoto. Kufikia wiki ya pili, eneo la nyuma ya mstari limeshakwanguliwa na kubaki udongo mtupu uliokauka, mguu unashika vizuri, na mpira unadunda juu zaidi. Ndiyo maana nasema kuna Wimbledon mbili, ya wiki ya kwanza na ya wiki ya pili, na bingwa lazima azipite zote. Mwenye slaisi (pigo la kuukata mpira ili ubaki chini) ananufaika zaidi na ile ya kwanza, mwenye nguvu za nyuma ya mstari ananufaika na ile ya pili.

Tena nyasi za sasa si zile za akina Martina Navratilova, bingwa wa zamani. Tangu 2001 hupandwa aina moja tu, raigrasi, badala ya mchanganyiko wa zamani uliokuwa na asilimia 30 ya feskyu, na ardhi ya chini hufanywa ngumu zaidi. Ndiyo sababu siku hizi karibu kila mtu anabaki nyuma ya mstari na mashindano yamefunguka kwa wachezaji wa kila namna.

Kocha_wa_Vumbi (saa 3:40 asubuhi)

Msafiri, ahsante, umeeleza vizuri. Mimi hufundisha vijana hapa Nakuru kwenye viwanja vya udongo na sijawahi kukanyaga nyasi za tenisi, lakini nina kipimo kimoja ambacho huwa nakiamini kuliko orodha yoyote, nacho ni mpira wa pili wa kuanzia (ule unaopigwa wa kwanza ukikosewa). Kwenye nyasi, mpira wa kuanzia ulio dhaifu hauna pa kujificha. Udongo unakupa nafasi ya kuanza vibaya na bado ukajenga pointi. Nyasi zinampa mpokeaji mpira mfupi wa chini, anaupiga mara moja, na gemu lako limevunjwa.

Kwa kipimo hicho, nina wasiwasi mkubwa na Coco Gauff. Najua ametoka kushinda Paris, akimfunga Sabalenka katika fainali ambayo Sabalenka alifanya makosa 70 ya kujitakia. Lakini mpira wake wa pili humtoka mara kwa mara akafanya makosa ya mfululizo, na mkono wake wa mbele unahitaji muda ambao nyasi hazitoi. Hajawahi kuvuka raundi ya nne Wimbledon, na 2023 alitoka raundi ya kwanza mbele ya Sofia Kenin. Safari hii anaanza na Dayana Yastremska, aliyefika fainali ya Nottingham juma lililopita na anayepiga kila mpira kwa nguvu zake zote. Gauff amecheza mechi moja tu ya nyasi mwaka huu, Berlin, akafungwa na Wang Xinyu. Sipendi kabisa ratiba hiyo kwake.

Kwa kipimo kile kile Elena Rybakina anapaswa kuwa juu ya wote. Mpira wake wa kuanzia ndio bora, taji analo tayari, na mwaka jana alifika nusu fainali. Kule Berlin alikuwa na pointi nne za kummaliza Sabalenka akazipoteza zote. Tatizo lake halipo kwenye nyasi.

Jirani_wa_Wavu (saa 3:58 asubuhi)

Kocha, mwaka jana kwenye uzi kama huu ulimtaja Rybakina kuwa bingwa na Krejcikova akamtoa nusu fainali. Naona upendo wako haujapungua.

Kocha_wa_Vumbi (saa 4:05 asubuhi)

Haujapungua, na Krejcikova huyo ndiye aliyelichukua taji lenyewe kwa kumfunga Jasmine Paolini, kwa hiyo hakufungwa na mtu mdogo. Isitoshe, Krejcikova mwenyewe ameingia mwaka huu akiwa na mashaka: alikaa nje kwa muda mrefu kwa ajili ya mgongo, na juzi Eastbourne alijiondoa katika robo fainali kwa jeraha la paja.

MzeeWaRaketi (saa 5:20 asubuhi)

Binti Kisauni, marahaba, na nakiri kosa langu kuhusu Barty. Hata hivyo Barty alikuwa na slaisi ya mkono wa nyuma ambayo Sabalenka hana, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Waliofika mbali kwa miaka ya karibuni wengi wana kitu cha kuvunja mdundo: Barty na slaisi, Jabeur na mpira mfupi wa kudondosha, Vondrousova na mkono wa kushoto pamoja na hila zake, Krejcikova ambaye mkono wake umelelewa na michezo ya wawili wawili. Mwaka huu ongezeni Tatjana Maria. Mama wa watoto wawili, umri miaka 37, alianzia mchujo pale Queen's Club, mashindano yaliyowarudisha wanawake baada ya miaka 52, akawatoa Muchova, Rybakina, Keys na Amanda Anisimova kwa slaisi za pande zote mbili.

Ratiba lakini imenitia simanzi. Vondrousova huenda akakutana na Emma Raducanu raundi ya pili, na Sabalenka raundi ya tatu. Mmoja wa watu ninaowapa nafasi kubwa ataondoka kabla ya wiki ya pili.

Dada_Mchambuzi (saa 7:02 mchana)

Nimesoma uzi wote na sijaona mtu aliyemtaja Iga Swiatek kwa uzito. Jana alicheza fainali ya Bad Homburg, fainali yake ya kwanza ya nyasi tangu aingie kwenye michezo ya wakubwa. Jessica Pegula alimfunga 6-4, 7-5, lakini njiani Swiatek alikuwa amempa Paolini gemu nne tu. Mkumbuke alishinda Wimbledon ya wasichana 2018, kwa hiyo si mgeni wa uwanja huu. Na kocha wake wa sasa, Wim Fissette, ndiye aliyekuwa na Kerber aliposhinda hapo hapo mwaka huo huo wa 2018.

Kitu muhimu zaidi ni kwamba safari hii alitoka mapema Paris, akafungwa na Sabalenka katika nusu fainali, akapata siku za kufanya mazoezi kwenye nyasi za Mallorca. Miaka ambayo alikuwa akishinda Paris alifika London akiwa amechoka mwili na akili.

Msafiri_Coventry (saa 7:44 mchana)

Dada, hoja yako ya mapumziko ina nguvu, lakini mshiko wake wa raketi bado ni ule ule. Swiatek anaushika upande wa chini sana ili auzungushe mpira kwa topspini nzito (mzunguko unaoufanya mpira udunde juu), na kwa mshiko huo mpira wa usawa wa goti ni adhabu. Mwaka jana Yulia Putintseva alimtoa raundi ya tatu kwa kumnyima mpira mmoja wa juu baada ya mwingine. Akifika wiki ya pili nitabadili maneno yangu, kwa sababu huko mpira unapanda.

MwalimuWaHesabu (saa 8:30 mchana)

Suala la muda ni zito kuliko mnavyolichukulia. Kati ya Paris na Wimbledon kuna wiki tatu tu, na kabla ya 2015 zilikuwa mbili. Mchezaji anayefika fainali ya Paris anabaki na mashindano moja au mawili ya kujipima. Katika mwaka mzima wengi hawachezi hata mechi kumi na tano za nyasi, hivyo ustadi hauna mahali pa kukomaa. Hili linaeleza mabingwa saba tofauti bila kuhitaji slaisi wala mshiko wa raketi: wote ni wanafunzi wa muda mfupi, na kila mwaka anafaulu aliyeamka vizuri.

Mwana_wa_Likoni (saa 11:15 jioni)

Naomba niongeze jambo linalotuhusu sisi. Mwaka 2022, msichana wetu Angella Okutoyi alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Binti aliyelelewa na bibi yake Nairobi, akakulia kwenye viwanja visivyo na jani moja la nyasi, alijifunza uwanja huo kwa siku chache akashinda. Jabeur naye, mwana wa Tunisia, amecheza fainali mbili mfululizo, 2022 na 2023. Kwa hiyo hoja ya Mwalimu kwamba wote ni wanafunzi naiona ikiwa upande wetu: pengo la nyasi ni dogo kuliko pengo la fedha na safari.

Waliofungwa katika fainali ile ya wasichana ni Kayla Cross na Victoria Mboko, wote wa Kanada. Huyo Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, mwezi uliopita amepita mchujo wa Paris na kufika raundi ya tatu. Mchujo wa Wimbledon amekwama hatua ya mwisho. Mwekeni jina lake akilini.

Binti_Kisauni (saa 11:40 jioni)

Umenikumbusha mbali. Fainali ya Jabeur ya 2022 tuliitazama nyumbani kwa shangazi, wanawake kumi na mmoja kwenye sebule moja, na aliposhinda seti ya kwanza 6-3 chai ilimwagika. Halafu Rybakina akachukua mbili kwa 6-2, 6-2, na hakuna aliyesema neno mpaka vikombe vilipoondolewa. Nadhani Jabeur angekuwa na taji leo kama mpira wake wa kuanzia ungekuwa na nguvu kidogo zaidi, na hapo namwunga mkono Kocha.

Kocha_wa_Vumbi (1 Julai 2025, saa 5:25 usiku)

Nasikitika kurudi kwa habari hii, maana Gauff nampenda. Yastremska amemtoa 7-6, 6-1. Na leo hii hii Pegula, aliyetoka kushinda Bad Homburg siku tatu zilizopita, amefungwa na Elisabetta Cocciaretto 6-2, 6-3. Wa pili na wa tatu katika upangaji wameondoka siku moja. Mboko naye ameingizwa dakika za mwisho kuziba nafasi ya aliyejiondoa, na ameshinda mechi yake.

Msafiri_Coventry (saa 5:50 usiku)

Tazameni pia hali ya hewa. Jana ilikuwa siku ya ufunguzi yenye joto kali kuliko zote katika historia ya Wimbledon, zaidi ya nyuzi 32. Nyasi zikikauka hivi mpira unaruka upesi, na wapigaji wa nguvu wasio na cha kupoteza wanafaidi. Ile wiki ya pili niliyoieleza imekuja mapema.

MwalimuWaHesabu (saa 6:04 usiku)

Pegula amefungwa akiwa na mechi nyingi za nyasi na kombe mkononi, Gauff amefungwa akiwa na mechi moja tu. Kocha, mpira wa pili wa kuanzia haukumtoa Pegula. Nami ninakiri kwamba hoja yangu ya muda haimwelezi pia.

Dada_Mchambuzi (12 Julai 2025, saa 2:20 usiku)

Wanajamvi, Swiatek ni bingwa. Amemfunga Anisimova 6-0, 6-0 kwa dakika 57. Matokeo ya namna hiyo hayakuwa yameonekana katika fainali ya wanawake ya Wimbledon tangu 1911.

Mwana_wa_Likoni (saa 2:33 usiku)

Mwaka huu fainali imeanza saa kumi na mbili za jioni kwetu. Nilikwenda kusali Magharibi, niliporudi seti ya kwanza ilikuwa imekwisha. Nilimwonea huruma sana Anisimova alipokuwa akilia, kwa sababu huyu ndiye aliyemtoa Sabalenka juzi kwa seti tatu katika joto kali, na mwaka jana hakuvuka hata mchujo.

MzeeWaRaketi (saa 3:10 usiku)

Hongera Dada, wewe peke yako ulimtaja. Lakini tusiharakishe kusema nyasi zimemkubali. Rybakina alitolewa na Clara Tauson raundi ya tatu, Gauff alishatoka, kwa hiyo Swiatek hakukutana na hata mmoja wa wawili waliokuwa wamewekwa katika njia yake. Na Vondrousova wangu alitolewa na Raducanu.

Dada_Mchambuzi (saa 3:28 usiku)

Mzee, alikutana na Tauson aliyemtoa Rybakina, na Belinda Bencic katika nusu fainali alipata gemu mbili tu. Katika mashindano yote amepoteza seti moja, ile ya Caty McNally raundi ya pili. Mpira wake wa kuanzia ulikuwa na nguvu kuliko nilivyowahi kuuona, na hiyo ni kazi ya kocha.

Msafiri_Coventry (saa 3:47 usiku)

Niliahidi kubadili maneno yangu akifika wiki ya pili, na ninayabadilisha kuhusu mshiko. Hata hivyo bado nasema joto limemsaidia: wiki mbili za jua, uwanja mgumu, mpira unaopanda mpaka kiunoni. Ningependa kumwona katika mwaka wa mvua.

Kocha_wa_Vumbi (saa 4:02 usiku)

Anisimova leo amefanya makosa 28 ya kujitakia, na mpira wa kuanzia ulimkataa tangu gemu la kwanza. Kipimo changu kimesimama kwa fainali, kimeanguka kwa Pegula na kwa Rybakina.

Binti_Kisauni (saa 4:15 usiku)

Basi tuna bingwa wa nane katika mashindano manane, na safari hii ni mtu aliyekwishatawala Paris. Mwakani Juni nitaufufua uzi huu. Mzee, tafadhali usiruke mwaka wowote.